Gari linavuja upepo, wao wanakuuzia kompresa! Gereji za Mtwara mmetuchosha

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimelipia kompresa (pampu ya kujaza upepo) ya pili ya suspensheni ya upepo, ile inayobeba gari kwa mipira ya upepo badala ya springi, gari lile lile, gereji ile ile, na gari limelala tena. Jina la gereji silitaji, sitaki kesi. Ila mlioko Mtwara mjini mtaijua tabia ninayoisema, maana haiko kwa mtu mmoja.

Gari ni Land Rover Discovery 3 ya 2006, dizeli ya lita 2.7. Najua kuna watu vidole vinawawasha kuandika "uza hilo, chukua Hilux". Subirini kwanza. Mimi nina mashamba ya korosho upande wa Newala. Msimu ukianza nashinda barabarani, nyuma kuna magunia ya kupeleka ghalani, mbele kuna watu. Kabla ya hapo, miezi ya kupulizia, ni mifuko ya salfa na mashine zake. Ukishaiacha lami kuelekea Tandahimba, mvua ikiwa imepiga, ndipo unaelewa kwa nini mtu anataka gari linalojiinua. Unabonyeza swichi, linapanda zaidi ya sentimita tano, unavuka pale ambapo wenzako wanatafuta vijana wa kusukuma. Ukilipakia halikalii matako, linajaza upepo nyuma lenyewe na kubaki sawasawa. Kwa hiyo hii kitu kwangu si anasa ya mjini.

Sasa kilichotokea. Asubuhi moja nalikuta kona ya mbele kulia imelala kabisa, tairi limemezwa na fenda. Nawasha, linajivuta kwa shida mpaka linasimama, dashibodi taa ya njano. Baada ya muda likaacha kupanda na kuniandikia nisizidi kilomita 50 kwa saa. Fundi alipanda juu, akasikiliza, akashuka na hukumu: "Bosi, kompresa imekufa. Tuagize Dar."

Na kweli ilikuwa imekufa, hapo simlaumu. Nauliza hivi: imekufa kwa nini? Hakuuliza. Hakuna aliyeinama kuangalia mpira wa upepo hata mmoja. Ikaagizwa, ikaja kwa basi, ikafungwa, milioni moja na ushee ikaondoka pamoja na ufundi. Gari likapanda, tukapeana mikono. Msimu haujaisha, kona ile ile imelala. Narudi, naambiwa, "Bosi, ni kompresa tena. Hizi used zina bahati yake."

Bahati! Yaani hela yangu inachezewa bahati nasibu. Nikalipia ya pili, ikafungwa, na gari likalala tena.

Aliyekuja kuniambia ukweli ni fundi pancha. Nilikuwa naziba tairi, nikamweleza tu kwa uchungu. Akachukua ile chupa yake ya maji ya sabuni, akaniambia nilipandishe gari mpaka juu kabisa, nizungushe usukani, akapuliza kwenye mpira wa upepo wa kulia, pale unapojikunja. Povu likaanza kutoka taratibu. Hana kompyuta, hana ofisi, bili yake ilikuwa ya pancha.

Kwa wale ambao hawajawahi kuishi na mfumo huu, kila tairi lina mpira wake wa upepo, ambao mafundi wengi wanauita baluni. Kwenye hizi Discovery ule wa mbele umevalishwa juu ya shokapu, vinakaa pamoja. Kompresa iko chini ubavuni, kushoto, mbele ya tairi la nyuma. Inasukuma upepo kwenye tangi, vali zinagawa kwa kila kona, na sensa za kimo, moja kila tairi, zinaiambia kompyuta kona gani iko chini. Kompresa haikuumbwa kufanya kazi mfululizo. Inajaza, inapumzika. Kona moja ikivuja, kompyuta inaona kimo kimeshuka, inaamuru jaza. Inajaza, unavuja. Inajaza, unavuja. Kompresa inachemka, ringi ya pistoni inakwisha, mwisho inaungua. Sasa wewe unafunga nyingine na tundu lile lile umeliacha! Ni sawa na mwenye baiskeli yenye pancha umuuzie pampu mpya kila akirudi.

Mpira wenyewe una miaka karibu ishirini. Umejikunja na kujikunjua kwenye mchanga wa Msimbati, kwenye vumbi la Newala, kwenye matope. Mchanga unaingia kwenye mkunjo, unasaga. Sina ugomvi na waliotengeneza gari, mpira umefanya kazi yake na umri umefika. Ugomvi wangu ni na mtu anayejiita mtaalamu wa Land Rover, ana kibao kikubwa barabarani, halafu anashindwa na maji ya sabuni.

Kuna jambo lingine wanatuficha, au hawalijui, na sijui lipi ni baya zaidi. Upepo wa huku pwani una unyevu. Kwenye kompresa kuna kikaushio, kichupa chenye punje zinazonyonya maji kabla upepo haujaingia kwenye mfumo. Gari likishuka, upepo unatoka ukipitia hapo hapo na kuondoka na ule unyevu. Kompresa ikifanya kazi kupita kiasi, punje zinachoka, zinakuwa unga, na unga unasafiri mpaka kwenye vali. Vali zikiingia unga hazifungi vizuri, upepo unapotea kimyakimya, na hapo hata sabuni kwenye mpira haitakuonyesha kitu. Nilipouliza kama kikaushio kwenye hii kompresa ya pili ni kipya, niliangaliwa kama nimeuliza kabila la gari. Na relei je, ile swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima kompresa? Relei ya kompresa ikizeeka inaweza kuganda, kompresa ikaendelea kuzunguka wakati haitakiwi mpaka iungue. Spea ya hela ndogo ile, mwenye akili anaibadilisha pamoja na kompresa. Ya kwangu ni ile ile iliyokuja na gari.

Nije kwa duka la spea la Dar. Hii kompresa ya pili wameniuzia kama "mpya kabisa, boksi lake hili hapa". Nimeifungua juzi mwenyewe. Skrubu zina makovu ya spana, rangi nyeusi imepuliziwa juu ya kutu, na pale penye namba pamesagwa. Nikapiga simu. Jibu la kijana: "Kaka, mpya maana yake mpya kwako." Nimekata simu kabla sijatukana. Tuliopo kusini, zaidi ya kilomita 500 kutoka Kariakoo, ndio soko lao la takataka. Wanajua nauli ya kurudisha na usumbufu wake utakukatisha tamaa, unameza.

Halafu wale wa "toa upepo, weka springi". Wapo wengi, na wengine nia yao njema. Kubadilisha kwenda springi kunawezekana, kuna seti kamili zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hili, zina springi za vipimo vyake na kifaa cha kuituliza kompyuta isipige kelele. Unapoteza kupanda na kushuka, unapoteza kujisawazisha na mzigo, lakini unalala usingizi. Mtu akiamua hivyo kwa seti kamili simbishii. Ninachokikataa ni kile nilichoonyeshwa pale gereji kama "mfano wa kazi": Discovery ya mtu, springi za gari jingine zimekatwa kwa grainda, zimechomelewa kikombe, dashibodi imejaa taa, na fundi ameweka gundi nyeusi juu ya taa ya suspensheni ili mteja asiione. Mwenye gari hajui. Siku akikata kona Mikindani akiwa na familia atajua.

Na hapo hapo nikamwona kijana wa spana amelala chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tupu. Wakuu, magari haya yakipoteza upepo yanakaa chini ghafla. Weka stendi, toa upepo kwanza, ndipo uingie. Nilimwambia bosi wake, akacheka. Sikucheka.

Kuna ujanja mmoja wa kupima ambao ningeomba mafundi wetu waujue, kwa sababu wengi unawapoteza. Gari hili likiegeshwa usiku huwa linaamka lenyewe kila baada ya saa kadhaa, linajipima, na kona moja ikiwa chini linazitoa upepo nyingine ziwe sawa nayo. Asubuhi unakuta lote limelala, fundi anakwambia mipira yote minne imekufa, andaa milioni. Kumbe kona mbaya ni moja. Chomoa fyuzi ya suspensheni jioni, pima kwa futi kutoka kati ya tairi mpaka ukingo wa fenda, kila kona, andika. Asubuhi pima tena. Kona iliyoshuka ndiyo mgonjwa. Zikishuka mbili za mbele kwa pamoja wakati sabuni haionyeshi povu, tazama vali za mbele na viungio vya mipira myembamba inayoingia pale. Futi ya fundi seremala inatosha.

Nilipo sasa hivi: mbele nimeagiza mipira mipya ya upepo pande zote mbili, kwa mtu mwingine, na nimeifungisha kwa fundi mwingine hapa hapa. Kulia hakuvuji tena. Ila gari linakaa limeinama kidogo kushoto, kwa sababu walipofungua mara ya kwanza waliigonga sensa ya kimo, nimebadilisha sensa, na sensa mpya inataka kompyuta ifundishwe upya vimo vya gari. Mashine za kawaida za kusoma injini za hapa mjini haziingii kwenye suspensheni. Gereji yangu ya zamani wanadai wanayo, wanataka laki tatu, na kwanza "waangalie kompresa".

Hapana. Hela yangu hawataigusa tena. Nimewaandikia barua, nimeambatanisha risiti na picha za ile skrubu, nimedai warudishe ufundi wa mara ya pili na ile kompresa yangu ya mwanzo ambayo walinyamaza nayo. Kwa taarifa yenu, kompresa mbovu nayo ni biashara, inafunguliwa, inatiwa ringi, inapakwa rangi, anauziwa mwingine. Ukibadilishiwa kitu, ondoka na cha zamani mkononi hata kama ni chuma tu.

Ombi langu kwenu: mwenye kumjua fundi Lindi, Masasi au hata Nachingwea mwenye mashine inayoingia kwenye suspensheni ya Land Rover na kuweka vimo upya, anitumie ujumbe. Mafuta ya kumfuata nalipa mimi. Na kama kuna mwingine hapa ameuziwa kompresa yenye namba iliyosagwa, aweke picha hapa chini tuone kama zimetoka mkono mmoja.