Jack Bauer: nimuage New York au nimfuate London?

Kijana wa Section 58 (Nakuru)
Wadau, jana usiku nimemaliza msimu wa nane, ule wa New York, wa 24, ile tamthilia ya Marekani ya Jack Bauer, ajenti anayepambana na magaidi. Vipindi 192 tangu Januari, vyote kwenye flashi niliyojaziwa duka la muvi mjini. Stima ilipotea dakika tano kabla ya mwisho, nikangoja saa nzima na mshumaa. Ikarudi. Jack anainua uso wenye damu kuitazama droni, Chloe, mwenzake wa kompyuta pale CTU (kitengo cha kupambana na ugaidi), anamtazama kwenye skrini huku machozi yakimlenga, kisha ile saa ya tamthilia inayoonekana kwenye skrini inahesabu kurudi nyuma hadi sifuri. Nikabaki kitini kama abiria aliyeachwa na matatu ya mwisho.

Sasa muuzaji anasema kuna mwendelezo wa London, wa 2014. Niishie hapa au niendelee? Na tafadhali, mtu asinisimulie mwisho.

Mtu wa Kondele
Ishia hapo, omera. Saa iliyokuwa ikienda mbele tangu 2001 ikirudi nyuma, unataka kwaheri gani nyingine? Mtu akishazikwa hatuendi kumchimbua tumsalimie.

Dada wa Kakamega
Napinga. London ni vipindi 12 tu, wikendi moja umemaliza. Na mimi sikuwahi kumfuata Jack, nilimfuata Chloe na ule uso wake wa kununa. Mnakumbuka Edgar, mwenzake Chloe pale CTU, msimu wa tano? Gesi imeingia, anaanguka upande wa pili wa kioo Chloe akimwona, halafu saa inahesabu bila mlio. Kimya kabisa. Nilikuwa na sufuria mkononi, nikasahau hata nilikuwa napeleka wapi. London amerudi na nywele nyeusi na wanja mzito, karibu usimjue. Kwa ajili yake, tazama.

Mzee wa Bungoma
Mimi matanga ya televisheni nilishaacha kuyaamini. Kwenye tamthilia ya Prison Break walimuua Michael, shujaa wake, 2009, nyumba nzima ikalia. 2017 wakamfufua! Machozi yangu nimdai nani? Afadhali Jack, walimwacha hai, kurudi kwake hakumdanganyi mtu. Endelea na London, kijana. Ile 24 nyingine ya 2017 isiyo na Jack, pita nayo mbali, ni ugali bila mboga.

Mtu wa Kondele
Mzee umenishika hapo kwa Michael. Lakini London nayo, helikopta ya Warusi ikishatua pale

Kijana wa Section 58 (Nakuru)
NILISEMA NINI?

Mtu wa Kondele
Pole ndugu yangu. Sijasema nani anapanda.

Dada wa Kakamega
Huyu anyang'anywe simu.

Kijana wa Section 58 (Nakuru)
Basi kesho napitia dukani na flashi. Mama watoto amekubali kwa sharti moja: nivae earphone. Anasema ule mlio wa saa umeanza kumfuata mpaka usingizini.