Sukari ikiwa juu kwa nini TB inampata mtu kirahisi?

Wakuu habari, mama mdogo ana kisukari cha muda mrefu, juzi kapimwa kakutwa na TB. Daktari kasema sukari imeshusha kinga. Sasa sukari si ndo nguvu? Chembe za kinga si zingepigana zaidi?

— Pole sana mkuu. Kwenye mapafu bakteria wa TB anamezwa na chembe zinaitwa makrofeji, zikishtuka zinabadili namna ya kula, zinachoma glukosi (hiyo sukari ya damu) fasta bila kutegemea oksijeni, kila glukosi inatoa ATP 2 tu (ATP ndo nishati inayotumiwa na chembe) lakini zinakuja haraka pamoja na malighafi ya kutengeneza silaha. Sukari ikikaa juu miaka mingi huo mfumo unavurugika, panya wenye kisukari wakiambukizwa TB chembe T zao (chembe nyingine za kinga) zinachelewa kuamka, na bakteria huku anazaana. Kuchelewa ndo kunakoua.

— Nyongeza, mwenye kisukari hatari yake ya TB ni kama mara 2 hadi 3. Na rifampisini, dawa ya TB, inapunguza nguvu ya baadhi ya vidonge vya sukari, hasa glibenklamaidi, asiache dawa ila daktari aangalie dozi.

— Asanteni sana, hilo la vidonge hatukuambiwa kabisa, kesho asubuhi tunarudi naye kliniki.