Maoni yangu yamesahihishwa kwa kalamu nyekundu, nimepewa 2/10!!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, nimetoka darasani sasa hivi. Yule mhadhiri mnamjua, simtaji. Aliyesoma Mtwara anamjua, hata pweza wa feri Shangani wanamjua.

Tuligawiwa dodoso za ubora wa ufundishaji, za karatasi, juu herufi kubwa: USIANDIKE JINA LAKO. Unazungushia 1 hadi 5, chini kuna mistari ya maoni. Nikaandika kwa adabu zote kwamba feni imekufa tangu tunaripoti mwaka wa kwanza, na joto la huku ikifika Novemba tunaiva.

Leo kaingia na bunda lote kwapani. Kachomoa ya kwangu. KAISOMA MBELE ZA WATU, kwa sauti ya puani. Halafu kaigeuza tuione: wekundu mtupu! "Feni" imepigiwa mstari, pembeni "fafanua", chini 2/10. Maoni yangu! Yamepewa maksi! Yaani nimefeli kulalamika!

Kisha: "Huu mwandiko wa nani?" Anatukagua mmoja mmoja kama mwenye duka aliyeibiwa.

Wenzetu Uingereza tangu 2005 wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaulizwa kila mwaka, majibu yanawekwa hadharani chuo kwa chuo. Huku kinachowekwa hadharani ni mwandiko wako. Mbili juu ya kumi, jamani!

Korosho Ghafi: Huu uzi nakupa tatu. Umeongeza bidii.

Binti Mikindani: Pole mwaya. Afadhali nyie wa karatasi. Sisi ni kwenye mfumo, hujajaza matokeo hayafunguki. Darasa zima tunabofya 3, 3, 3 hadi mwisho tukaone kama tuna sapu, ule mtihani wa kurudia. Ripoti ikitoka eti wanafunzi wanaridhika kiasi.

Mwera wa Nachingwea: Ila kweli fafanua. Feni ya dari au ya meza?

Mtoa mada: Nawe umetumwa?

Mzee wa Kanuni: Tuweke utani pembeni. Tangu sheria ya vyuo vikuu ya 2005, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ndiyo inasimamia ubora wa vyuo vikuu, na chuo kinatakiwa kuwa na kitengo chake cha udhibiti ubora. Dodoso zikusanywe na kitengo, anayetathminiwa asizishike kabisa. Peleka huko.

Mtoa mada: Nimepeleka. Mkuu wa kitengo ni yeye.

Dogo wa Ligula: 😂😂😂 nimedondosha simu

Korosho Ghafi: Basi ile 2 ndiyo majibu rasmi ya kitengo.

Mwera wa Nachingwea: Nyie mna feni mbovu, mimi msimamizi wangu wa utafiti kila nikimpigia yuko Dodoma. Sura ya tatu inaota ukungu.

Dogo wa Ligula: Wadau, bumu (hela ya mkopo) limeingia?

Binti Mikindani: Nasikia mwaka wa pili tayari.

Dogo wa Ligula: Uongo! Mimi mwaka wa pili, nina mia nane kwenye simu na mwenye nyumba yuko mlangoni.