Naomba ushauri: nimetubu, lakini moyo haujatulia

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni ushauri wenu.

Mwaka 2021 mama alinipigia akiomba hela ya dawa za presha. Nikamwambia sina, kumbe mfukoni ninayo. Wiki mbili baadaye tukamzika. Nimetubu, nimefunga, mchungaji amenisomea 1 Yohana 1:9, na naamini kabisa Mungu ni mwaminifu kusamehe. Lakini Jumapili ya Meza ya Bwana, yaani ushirika mtakatifu wa mkate na kikombe, kikombe kikinifikia mikono inatetemeka, nampitishia aliye pembeni yangu. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, alipotubu aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Mimi nimrudishie nani?

Wapendwa, huku kutoshiriki ni unyenyekevu, au ndiyo kuukataa msamaha wenyewe? Na wadogo zangu, ambao hawajui lolote, niwaambie?