Ameweka kikombe cha chai juu ya CV yangu nikiwa nimesimama hapo hapo

Nimefika nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua. Yule madam wa hema la buluu kwenye maonyesho ya ajira Kisumu. Mnamjua. Kila aliyewahi kubeba bahasha ya kaki huku magharibi anamjua. Leo ameweka kikombe cha chai juu ya CV yangu. Chai ya moto! Na mimi niko mbele yake, mkono bado nimeunyoosha.

Nimetoka Kakamega saa kumi na moja alfajiri. Njiani, pale Majengo, tukajazwa kwa matatu kama magunia ya mahindi. Nimepiga foleni kutoka saa mbili hadi saa saba, na jua la Kisumu mnalijua, linachoma mpaka kivuli chako kinatafuta kivuli. Wiki mbili nimejifunza maneno ya kujitambulisha: jina langu, diploma ya ununuzi na ugavi, atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kwa stoo ya kiwanda cha sukari. Nusu dakika tu. Nimesoma habari za kampuni yao mpaka matawi yao nayajua kuliko mashemeji zangu.

Nikasema, "Habari ya mchana, madam, naitwa..." Jina la pili halijatoka. Amepokea karatasi bila kuitazama, akaitandika mezani, kikombe juu. Tap! Akamgeukia mwenzake wakaendelea na hadithi ya harusi. Nimesimama tu. Baadaye ananiambia, "Tuma kwa mtandao." Kama ni mtandao, mlituitia nini na nauli zetu?

Alipokiinua anywe, duara la chai limekaa juu ya jina langu sawasawa. Jina la babu yangu! Saiba, kwa wale wa kompyuta za kulipia, nililipia karatasi nzito ya kung'aa, na hiyo karatasi imekunywa chai kabla yangu, mimi niliyekuwa sijaonja kitu tangu jana usiku. Mtu mzima, ana meza nzima, na kikombe kinakosa pa kukaa isipokuwa juu ya jina langu?

Jirani_wa_Kondele: Pole omera. Lakini tuambie, chai ilikuwa na maziwa ama ya rangi?

MtuWaMbale: Huyo huyo! Mimi aliniangalia viatu kwanza, akaniuliza kama nimetoka kulima. CV yangu hata chai haikupata.

Binti_Nyalenda: Ndugu yangu, ulikosea saa. Saa saba mtu ana njaa. Nenda asubuhi wakifungua mahema, uliza idara gani inatafuta watu, omba baruapepe ya anayehusika, na jioni hiyo hiyo mwandikie umkumbushe mlichoongea.

MtuWaMbale: Semina imeanza, wekeni simu kimya.

Mwenye uzi: Dada, nimefika saa mbili! Foleni ndiyo imenifikisha saa saba. Na nitaongea na nani, kikombe? Bahasha ilikuwa na kila kitu, hata cheti cha tabia njema nimekilipia 1,050. Hakuifungua.

Wakili_wa_Mtaani: Hicho cheti ulikinunua mapema bure, omwami. Sheria ya ajira ilirekebishwa 2022, mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti vya kibali kama hajakusudia kukupa mkataba wa kazi. HELB ya mikopo ya wanafunzi, KRA ya kodi, polisi, vyote vinangoja.

Kijana_Mumias: Waambie wao sasa. Juzi nimefukuzwa foleni kwa kukosa cha HELB. Mkopo wenyewe nitalipa na nini kama hamniajiri?

Jirani_wa_Kondele: HELB wananitumia ujumbe kuliko mpenzi wangu.

Binti_Nyalenda: Wangu wananitakia hadi siku ya kuzaliwa.

Kijana_Mumias: Na saiba nazo? Kuskani ukurasa mmoja, shilingi 50! Wananiskania na dhahabu?

Mwenye uzi: Jamani, tuongee ya kikombe. Amekiweka JUU YA JINA.

MtuWaMbale: 50 uliskania wapi, uwanja wa ndege? Mbale ni 20.

Kijana_Mumias: Mbale hata stima hakuna, wanaskania na tochi.

MtuWaMbale: Rudia hiyo nikupate.

Jirani_wa_Kondele: Kuna mtu ako na tai ya kuazima hadi Ijumaa? Nyeusi. Isiwe na chai.