Mrejesho: chumba cha watoto kilichokosa hewa, Goma

Wandugu, niliuliza namna ya kuingiza hewa katika chumba cha watoto chenye dirisha moja dogo, ukuta ukitoka jasho kila asubuhi. Asanteni. Feni nimeiacha, umeme wetu mnaujua. Fundi ametoboa juu, karibu na plafon (dari), akaweka klostra (matofali yenye matundu ya hewa) kwenye kuta mbili zinazotazamana, na wavu wa mbu kwa ndani. Hewa ya joto inapanda na kutokea humo; nguo kabatini hazinuki tena ukungu. Kwa aliyeshauri tundu la chini kwenye sakafu: kiwanja chetu kiko bondeni, na mazuku, gesi ya volkano itokayo ardhini, ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini. Hapo hapana! Mbabula (jiko la makala, yaani makaa) nayo inabaki nje hata mvua inyeshe. Gesi ya makala haina harufu, na klostra hazitoshi kuiondoa.