Kutengeneza dawa ya magugu au kuipulizia: nani yuko karibu zaidi na saratani?

Kibo_Juu (mleta mada):
Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu kamaliza stashahada ya kemia na kaitwa kazini sehemu mbili. Moja ni kiwanda kinachochanganya na kufungasha dawa za magugu. Nyingine ni shamba la miwa, ambako atasimamia vijana wa kupulizia. Mshahara haupishani sana. Mama kasikia zote zinaleta saratani, anataka asiende popote. Naomba tulinganishe hatari ya anayetengeneza na ya anayepulizia. Tafadhali tuongee kwa ushahidi.

Mkemia_Tanga:
Mkuu, ushahidi mzito zaidi uko upande wa viwandani, ila unahitaji kusomwa taratibu. Mwaka 1991 watafiti wa serikali ya Marekani walitoa matokeo ya wafanyakazi 5,172 wa viwanda 12 vilivyotengeneza 2,4,5-T, dawa ya magugu ya zamani, na kemikali za ukoo wake. Kwa jumla, vifo vya saratani vilizidi matarajio kwa asilimia 15. Wakawatenga wale 1,520 waliokaa na kemikali hizo mwaka mmoja au zaidi, na ambao ilishapita miaka 20 tangu waanze. Hapo ziada ikafika asilimia 46. Mwaka huohuo watafiti wengine wakatoa matokeo ya wafanyakazi wa Hamburg, Ujerumani, kwenye kiwanda cha dawa za magugu kilichofungwa 1984. Vifo vya saratani vya wanaume kwa jumla vilizidi kwa asilimia 24, na vya waliodumu miaka 20 au zaidi vikazidi kwa asilimia 87.

Sasa tumtafute mhusika. Anayelaumiwa zaidi ni dioksini, uchafu unaozaliwa ndani ya mtambo wakati wa kupika triklorofenoli, malighafi ya 2,4,5-T, hasa joto likizidi. Hakuna anayeikusudia wala kuiuza, lakini inaingia mwilini, inajificha kwenye mafuta, na baada ya miaka saba hivi nusu yake bado imo. IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, liliitangaza mwaka 1997 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

Jibu la swali lako liko kwenye utafiti mwingine wa 1997, wa wafanyakazi 21,863 katika nchi 12, watengenezaji na wapuliziaji pamoja. Waliokutana na dioksini walizidi kwa asilimia 12. Walioshika dawa za jamii hiyohiyo zisizo na dioksini, au zenye kidogo mno, hawakuzidi. Kwa hiyo usiulize tu kama ni kiwanda au shamba. Uliza dawa imepikwaje na ina uchafu gani.

Nyakato_M:
Ahsante kwa maelezo, lakini 2,4,5-T ilishapigwa marufuku nchi nyingi. Kijana atakutana na glaifoseti na 2,4-D. Hizo je?

Mkemia_Tanga:
Dada, swali zuri. Mwaka 2015 IARC iliiweka glaifoseti kwenye kundi la "yaelekea inasababisha saratani", na 2,4-D kundi la chini yake, "huenda". Kwa wapuliziaji, utafiti mkubwa ni ule wa Iowa na North Carolina, Marekani, ulioanza 1993. Matokeo yake ya 2018, kwa wapuliziaji zaidi ya 54,000, hayakuona uhusiano wa glaifoseti na saratani kwa jumla, wala na limfoma, saratani ya mfumo wa limfu. Kwa waliotumia zaidi kulionekana ongezeko la aina moja ya saratani ya damu, ila takwimu hazikuwa na nguvu ya kulithibitisha. Mimi silidharau.

Afya_Kazini:
Naongeza jambo ambalo watu hulisahau. Anayeajiriwa kiwandani kwa kawaida ana afya kuliko mtu wa kawaida mtaani, maana mgonjwa haajiriwi. Ukimlinganisha na taifa zima, hatari inajificha. Watafiti wa Hamburg walilijua hilo, wakawalinganisha pia na wafanyakazi wa kampuni ya gesi mjini humohumo. Ile ziada ya asilimia 24 ikawa 39. Mtu akikuonyesha ripoti ya kiwanda inayosema "wetu wako sawa na wananchi wengine", muulize kwanza wamelinganishwa na nani.

Fundi_Boila:
Wakuu, mnaongelea kiwanda kama chumba kimoja. Ndani kuna anayekaa maabara, anayeziba chupa, anayefungua pampu iliyoziba na anayeingia ndani ya tangi kulikwangua. Hao wawili wa mwisho ndio wanaokula sumu. Pale Nitro, West Virginia, Marekani, mtambo wa triklorofenoli ulipolipuka 1949, waliofanya usafi na matengenezo baadaye nao walitokwa na chunusi kali za klorini. Amsterdam 1963 ikawa vilevile. Taiwan, miaka ya 1980, waliotengeneza parakwati, dawa nyingine ya magugu, walipata madoa ya ngozi, mengine ya mwelekeo wa saratani, na kilichotuhumiwa ni malighafi ya bipiridili ikikutana na jua. Anayenunua dawa iliyokamilika hakutani na hatua hiyo kabisa.

Kwa hapa kwetu, viwanda vingi vinachanganya na kufungasha malighafi iliyopikwa China au India. Hilo linamwondolea kijana sehemu mbaya kuliko zote, lakini vumbi la unga na mivuke ya viyeyusho bado vipo.

Mama_Shukuru:
Na shambani bomba la mgongoni linavuja hadi kiunoni, upepo unakurudishia usoni, glavu zenyewe hakuna. Mimi ningechagua kiwanda chenye mashine za kufyonza hewa.

Afya_Kazini:
Nakubaliana na mama. Sharti langu ni moja: apimwe afya kabla ya kuanza, kila baada ya muda, na siku ya kuacha kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, ile ya OSHA, inataka mfanyakazi apimwe kabla ya kuanza na kila baada ya muda. Majibu atunze nakala yake nyumbani, kwa sababu saratani ya kazini huja miaka 20 baadaye, mwajiri keshafunga au kauza kiwanda, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi utataka kuona alifanya kazi wapi na alishika nini.

Kibo_Juu:
Nimeongea naye jioni hii. Kiwandani atakuwa maabara, mashine za kufyonza hewa zipo. Ila kaniambia matangi husafishwa na vibarua wa kutwa.

Fundi_Boila:
Hao vibarua wanapimwa?

Kibo_Juu:
Hajui. Atauliza kesho kabla hajasaini, na kama hawapimwi anataka alisemee hilo akishaingia.